Kipimo Kilisema Wilo Ni Safi

Whitehall, Ohio

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Mwamini,

Nakusalimu, Yaya, kwa jina la Bwana na kwa jina la mama yetu aliyetubeba wote wawili katika mgongo mmoja. Umeamkaje? Goti limepungua, au bado linakusumbua ukienda bombani? Posho ya mwezi huu wametoa yote, au wamekata tena? Na ile turubai ya juu ya jiko, ulipata mtu wa kuishona kabla mvua haijakolea? Huku mimi ni mzima wa mwili. Baba Neema mzima, analalamikia baridi kila asubuhi kana kwamba imemjia yeye peke yake. Neema amenipita urefu, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, mpaka nimkazie macho ndipo anakumbuka lugha ya mama yake. Tunakula, tunafanya kazi, tunalipa nyumba. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo, nimeyaandika kwanza kwa sababu baada ya hapo sina mengine.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Lakini unajua mwenyewe jinsi audio zinavyosikilizwa kwako. Ukifungua yangu tu nyumba nzima inasogea, na jirani aliyekuja kuomba moto anausahau moto. Haya ya leo nataka uyapate wewe kwanza, peke yako. Anayekuletea ni mzee wa kanisa letu anayekwenda Kasulu kumwona mama yake, nimemwambia akupe mkononi. Usimpe mtoto akusomee, hata kama miwani imepotea tena. Funga mlango ukae chini.

Yaya, Wilo hakuuawa kwa karuho.

Najua umesimama. Kaa. Mtoto wako hakulishwa sumu ya kukondesha na mtu yeyote. Mapendo hakumlisha, wala mwingine. Aliuawa na dawa ya kulevya inayoitwa fentanili, na alikuwa akiimeza mwenyewe tangu kabla ya ile sherehe. Kaka yetu Etando na wakubwa wa familia walipatana tukuambie moyo ulisimama, basi. Nami nilikubali, kwa sababu niliogopa kilio chako. Sasa sikubali tena, na nitakueleza jambo hili tangu mwanzo ili usiseme mdogo wako amepandwa na kichaa cha Amerika.

Unakumbuka Wilo alipoanza kukonda. Tulikuwa tukifanya kazi naye ghala moja, yeye upande wa kupakia malori, mimi upande wa kufunga maboksi. Mgongo ukamuuma. Alinyanyua kitu vibaya, akasikia kama kamba imekatika ndani, na bosi akamwambia apumzike nyumbani bila malipo au arudi kazini. Akarudi. Kijana mmoja wa hapo kazini akampa vidonge vya bluu, akamwambia ni vya maumivu, vya duka la dawa kabisa. Havikuwa vya duka la dawa. Haya usidhani niliyaona nikanyamaza. Kijana huyohuyo alikuja msibani, akanivuta pembeni, akanieleza huku analia mpaka kamasi zinamtoka, nami sikujua nimpige au nimpe kitambaa.

Mimi nilichokiona ni hiki: mtoto hali chakula. Akila anatapika. Anasinzia ameketi, kijiko mkononi. Anajikuna, uso umepauka, suruali inashikwa na mkanda tu. Wewe uliyekulia Fizi kama mimi, ukimwona mtu wa namna hiyo unasema nini? Kila mtu wetu hapa alikuwa na neno moja mdomoni, anangoja tu nani alitangulize.

Ndipo Mapendo, Mama Riziki, akafanya shukrani ya kuhamia nyumba mpya. Unajua kwamba Wilo alikuwa amezungumza uchumba na binti yake Riziki kisha akamwacha, na mama mtu alikasirika, akasema maneno. Hata hivyo alitualika, nasi tukaenda, maana huku ukisusa sherehe ya mwenzako utakula sikukuu na kuta zako. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, ndagala, ugali, kuku. Mapendo mwenyewe alimpakulia Wilo, mkono kwa mkono, akamwambia kwa utani, "Kula, mukwe wangu aliyenikimbia." Watu wakacheka. Wilo akala kidogo, akaomba kwenda chooni. Alipokawia Baba Neema akaenda kugonga. Walivunja mlango wakamkuta sakafuni, midomo imekuwa ya samawati, anapumua mara moja kisha unangoja mpaka unakata tamaa ndipo anapumua tena.

Ambulansi ikaja, wakamwekea oksijeni. Hospitali moja hapa Columbus ikampokea, wakamtundikia maji, akaamka. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye heshima, na mkalimani wa kwenye simu alizungumza Kiswahili cha pwani kitamu hata nikaona haya kufungua kinywa changu. Wakatutoa nje wakamuuliza Wilo kama ametumia dawa yoyote. Akasema hapana. Wakampima mkojo. Tulikaa kwenye viti vya ukumbini, nikiomba kwa Kibembe maana ndicho Mungu alichonizoea nacho. Daktari akarudi, mkalimani akasema, "Mama, kipimo kimetoka. Hakuna dawa ya kulevya. Mtoto ni safi."

Yaya, nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya hospitali. Nililia kwa furaha. Nilikuwa nimesikia za watoto wa wenzetu wanavyoharibika katika nchi hii, na wangu ni safi! Nikakutumia audio kabla hata ya kuvaa koti. Jibu lako bado ninalo kwenye simu, sijalifuta: "Asante Yesu. Lakini kama si madawa, ni nini basi? Mwanangu balimupa karuho. Alikulaka kwa nani?" Nikakujibu, "Kwa Mama Riziki." Sikutaja kitu kingine. Jina likatoka mdomoni mwangu, likafika kambini, na kuanzia hapo sikuwa na uwezo wa kulirudisha.

Ona jinsi kipimo kile kilivyotusaidia kukosea. Kingesema hakijui, tungeuliza zaidi. Kilisema safi, sisi tukakiamini, tukakitumia kama ushahidi juu ya mtu. Mtu akija kumtetea Mapendo, nilikuwa namfunga mdomo hivyo hivyo: hospitali ya Wazungu imepima haikuona kitu, na ni nini ambacho hospitali ya Wazungu haiwezi kukiona zaidi ya karuho? Hakuna aliyenishinda kwa hoja ile. Hata mchungaji alisema tu tuombe.

Na dawa ya kutapisha ukaituma wewe, majani yamefungwa kwenye kitenge, yakapita mikononi mwa wasafiri mpaka yakatufikia. Nilimnywesha. Alitapika nyongo ya kijani, na akina mama waliokuja kushuhudia wakapiga vigelegele kwamba sumu inatoka. Tukaamua ahame kabisa, akae mbali na mkono wa yule mwanamke, nikampeleka Shively kwa Etando.

Njiani, tukiwa tumepita Cincinnati, Wilo akaniambia, "Mama mudogo, Mama Riziki hakunipatiaka kitu." Alikuwa anatazama dirishani. Nikamjibu, "Nyamaza, mwanangu, wewe haujue batu." Akanyamaza mpaka Shively. Yaya, nimelirudia neno hilo mara nyingi hata limeniota jipu. Mtoto alinifungulia mlango nami nikaufunga, na wala sikuwa nimechoka wala nimekasirika. Nilikuwa na uhakika tu.

Kule Shively siku za kwanza alitetemeka, akatoka jasho la kulowesha godoro, miguu inapigapiga yenyewe, anapiga miayo na kulia machozi kama aliyekatiwa vitunguu. Etando na watu wake wa maombi wakamzunguka wakafunga na kuomba. Sumu inatoka, walisema. Kweli sumu ilikuwa inatoka, ila siyo ile waliyokuwa wakiikemea. Baadaye akatulia. Akaanza kula. Mashavu yakarudi, akacheka, akapata kazi kiwandani, akakupigia video ukamwona ukapiga kelele, mpaka jirani wakadhani umefiwa. Ulisimama kanisani kambini ukatoa ushuhuda, ukasema mwanao ameponywa karuho ya Mama Riziki. Ulimtaja kwa jina. Kila mtu hapo anajua mama yake Mama Riziki ni nani na anakaa wapi.

Wiki chache baadaye Wilo alirudi kutoka kazini mgongo unamuuma tena. Mke wa Etando alimkuta mchana kweupe kwenye gari lake, nje ya nyumba, mkanda bado amefunga, kichwa kimelala upande. Alidhani amesinzia. Alikuwa amebeba mkate aliotumwa dukani, uko mapajani.

Hospitali ya Louisville walijaribu, nami nilifika ameshafariki. Daktari wa huko ni mtu mzima mwenye mvi, alikaa na sisi chini, hakusimama mlangoni kama wengine. Akatuambia kilichomwua kinaitwa fentanili. Etando akaruka. "Hapana! Columbus balimupima, balisema iko safi!" Daktari akauliza walimpima nini. Tulijua nini sisi? Tulisema mkojo. Akavua miwani akajifuta uso. Akatueleza taratibu, mkalimani anafuata, kwamba kipimo cha mkojo cha kawaida kinatafuta dawa zilezile za zamani, bangi, kokeini, heroini na wenzake. Fentanili hakiioni. Inatakiwa kipimo chake peke yake, na hospitali nyingine wanakiweka, nyingine hawakiweki. Kuna majimbo yameshatunga sheria: ukimpima mtu dawa za kulevya hospitalini, lazima fentanili iwemo. Kwingine bado wanabishana.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo mtoto wangu hakuwa safi?"

Akasema, "Mama, hawakuuliza swali hilo kwenye kile kipimo. Kama wangeliuliza, pengine mngejua siku ile."

Nikauliza tena, kama tungejua, ingekuwaje? Akasema kuna dawa za kumsaidia mtu aache pole pole, na kuna ya kupuliza puani ya kumwamsha akizidiwa. Na akasema jambo ambalo tangu hapo sijalala vizuri. Mtu aliyekaa wiki nyingi bila kutumia, mwili wake unasahau. Akirudia kiasi kilekile cha zamani, kinamwua. Maana yake zile wiki tulizokuwa tukimshukuru Mungu kwamba amepona ndizo zilizokuwa za hatari zaidi, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amekaa naye kumwambia, kwa sababu sisi wote tulikuwa tukipambana na mwanamke wa Whitehall.

Hapo ndipo kikao cha wakubwa kikakaa. Etando alisema, na nampa haki yake, alisema huku analia: "Bon, tumuambie Yaya nini? Kwamba mwanawe alikuwa mulevi wa madawa? Amefiwa na bwana kule Fizi, kesi yake ya kusafiri imesimama, hata kaburi hataliona. Donc, tumuachie hata heshima." Wote wakakubali. Ndiyo maana uliambiwa moyo, na ndiyo maana ulisema moyo uliharibiwa na mabaki ya karuho. Hakuna aliyekusahihisha. Ulitazama maziko kwa simu, mtandao unakatika, ukawa unauliza nani ameshika jeneza upande wa kichwa, nami nilikuwa naficha uso nyuma ya mtu mwingine usinione.

Nitasema wazi tuliyokuwa tukiyafikiri, hata kama hakuna aliyeyatamka. Sumu ilikuwa nzuri kwetu. Mtoto aliyelishwa sumu hana kosa, na mama yake hana aibu, na mama yake mdogo aliyekaa naye nyumba moja hawezi kuulizwa alikuwa anatazama wapi. Fentanili inatuuliza wote. Kwa hiyo tuliichagua sumu, na sumu lazima iwe na mtu aliyeitia.

Mapendo aliteseka hapa. Siku za chakula cha pamoja kanisani alileta sufuria ya sombe kama zamani, ikarudi kwake imejaa. Walimwondoa kwenye kwaya kwa adabu, wakisema sauti za pili zimekuwa nyingi. Riziki akaacha kuja. Mwisho wakahamia Buffalo, kwa binamu yao, mji wa theluji kuliko huu, akapata kazi ya kuwatunza wazee. Hakuna aliyemuaga.

Kuna mama mmoja Mmarekani, anakaa Westerville, alisikia habari za Wilo kwa wauguzi akanitafuta. Binti yake alikufa vilevile. Hospitali walimpima, kikatoka safi, wakamwambia ni kifafa, akamnywesha dawa za kifafa mpaka siku ya mwisho. Anazunguka kwa gari lake akikusanya habari za watoto ili sheria ile iwe ya nchi nzima, hospitali zote zilazimishwe. Alikunywa chai yangu, akaniletea ile dawa ya kupuliza puani, nimeiweka kwenye mkoba pamoja na funguo. Aliniomba picha ya Wilo na ruhusa ya kusema jina lake. Nilimpa ile ya joho la shule. Nilimweleza na habari za karuho, nikidhani atanicheka. Akaniambia kwake walimlaumu mchumba wa binti, mpaka leo hawasalimiani na wazazi wa kijana huyo, na yeye hajui aanzie wapi kuwarudia. Alipoondoka nikamwambia Baba Neema aliangalie gari mafuta, tunakwenda Buffalo.

Mapendo alitufungulia mlango amevaa nguo za kazi. Amezeeka, Yaya. Alitukaribisha kuketi, maana hajaacha kuwa mtu mwenye adabu, lakini hakuenda jikoni. Unaelewa uzito wake? Mwanamke wa kwetu, wageni wametoka mbali, ameketi tu na mikono mapajani. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe. Hakulia wala hakushangaa. Nikamwomba maji ya kunywa, kusudi, umenielewa, ili anione nakunywa mkononi mwake. Akainuka akaleta chupa ya dukani ambayo haijafunguliwa, akaiweka mezani mbele yangu.

Akasema, "Nabapatiaka vile. Mugeni yoyote. Kama chupa imefungwa, hawanaogopa."

Nikamwambia sitaki ya chupa, nataka ya bomba, kwenye kikombe chake.

"Hapana. Unataka kunywa juu ya roho yako wewe ipone. Mimi hiyo haitanisaidia kitu." Akaendelea, "Mama yangu iko kule kambini. Batoto banamutupia mawe ju ya bati. Ile maandazi yake hakuna mutu ananunua, anayaleta nyumbani yote, anayakula yeye peke yake mupaka tumbo inamuuma, kusudi asiyatupe. Iko na miaka mingi ile mama, anapikia batu tangu tuko Fizi. Mwambie yaya yako aende akule kwa mama yangu. Batu bote bamuone anakula. Akifanya vile, ndiyo urudi hapa, nitakupikia sombe."

Hakutufukuza. Alitusindikiza mpaka kwenye gari, akampa Baba Neema kofia ya sufu kwa sababu alimwona anajifunika masikio kwa viganja.

Basi, Yaya, umejua kwa nini nimeandika. Nimeficha mpaka nimeona kuficha kwetu kunaliwa na bibi kizee asubuhi hadi jioni. Wewe ndiye uliyesimama kanisani ukalitaja jina, na mimi ndiye niliyekupa jina hilo. Mimi nimeshasimama hapa. Jumapili iliyopita niliomba nafasi ya matangazo, nikawaambia watu Wilo alikufa kwa nini na Mapendo hakufanya nini. Wengine walitazama viatu vyao. Etando hasemi na mimi. Ila kule kambini sauti yangu haifiki. Kule wanakuamini wewe, kwa sababu wewe ndiwe mama wa marehemu.

Najua ninachokuomba. Nakuomba uwaambie watu mwanao alikuwa akitumia madawa, yule uliyemnyonyesha ukikimbia risasi, yule uliyemwandikisha kwenye karatasi zangu ili aokoke yeye hata kama wewe utabaki. Watakaokucheka wapo, tena najua hata majina yao. Lia kwanza. Nitukane mimi, nitastahimili, namba yangu unayo. Lakini Wilo alinyamaza kwa sababu aliona sisi wote tumependa uongo ule kuliko yeye. Na hata hivyo alijaribu mara moja kumsafisha yule mama, ndani ya gari, akiwa mgonjwa. Ndilo jambo la mwisho la maana aliloniambia. Alikuwa mtoto mwema. Hilo nalo uwaambie.

Nisalimie shangazi yetu anayekaa karibu na zahanati, mwambie kikohozi asikifanyie mzaha. Msalimie mwalimu wa Wilo wa shule ya msingi, yule mrefu, na umweleze yeye vizuri kwa sababu ataulizwa na vijana wake. Wasalimie wanao wawili waliobaki, uwaambie mama mdogo anawakumbuka kwa majina kila jioni, na kwamba wakiumwa mgongo au kitu kingine chochote wakuambie wewe, nawe uwasikilize mpaka wamalize.

Salamu zilizobaki ni za Koko Faida, mama yake Mapendo. Hizo usimtume mtoto. Nenda mwenyewe asubuhi, wakati watu wamejaa bombani, ukae kwenye kile kigogo mbele ya kikaango chake. Nunua andazi, Yaya, ulile hapohapo, polepole, wakikutazama. Likikukwama kooni, mwombe maji.

Mimi mdogo wako uliyenifundisha kusoma,

Sifa, Mama Neema